Sindano Tatu na Anga la Mongolia

Kabla sijasimulia lolote, nitayagawa maneno yangu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoyashika kwa mikono yangu, au niliyoyapima kwa saa yangu. Fungu la pili ni yale niliyoambiwa. Kila nitakapoingia katika fungu la pili nitawaarifu, na mkinikuta nimesahau, mna ruhusa ya kuacha kusoma.

Ninalazimika kuanza hivi kwa sababu ya Brayo. Brayo ni kijana wetu kutoka Kakamega, mlinzi katika mnara mmoja wa West Bay hapa Doha, mwenye adabu na bidii, ila ulimi wake hauna breki. Ijumaa moja tulitoka ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer tukasimama kivulini, naye akanigeukia mbele ya wenzake.

"Mzee Mwakio, watu wanasema ulienda Mongolia ukafufua ndege na damu ya farasi, halafu mama fulani akamwimbia huyo ndege mpaka akaamka. Ni ukweli ama ni stori za jaba, za watafuna miraa?"

"Nani kasema?"

"Wasee tu. Huko kwa kambi."

"Hao wasee wana majina?"

"Aah, mzee, sasa unataka kutushtaki?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba damu haikuwapo, hakuna aliyefufuka, na aliyeimbiwa alikuwa kondoo. Wakacheka zaidi, kana kwamba habari ya kondoo ndiyo iliyokuwa ya uongo. Jioni hiyo nilirudi Al Mansoura, kwa binti yangu muuguzi ambaye sasa naishi hapa kwa udhamini wake, nikamwomba karatasi.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa kutibu kozi. Kozi ni ndege wa kuwinda, na mtu wa huku humpenda kozi wake kama mfugaji wetu anavyompenda ng'ombe aliyezaliwa zizini mwake. Mngeingia katika kliniki yetu asubuhi mngekuta wanaume wamekaa kwenye viti, kila mmoja na ndege mkononi, ndege amevishwa kofia ya ngozi ifunikayo macho, wakingoja zamu kimya kama akina mama wenye kadi za chanjo. Nilikuja hapa na cheti cha mifugo kutoka nyumbani. Nilijua ng'ombe, mbuzi na kuku wa mayai. Juma la kwanza kozi alinishika kidole gumba kwa kucha zake, na nikajifunza jambo la kwanza la kazi hii: usivute. Ukivuta, naye hukaza. Tulia, mpe sababu ya kuachia.

Fundi aliyenipokea alikuwa mzee wa Kipakistani aliyeitwa Rahim. Sote tulimwita Chacha, yaani ami. Alikuwa bingwa wa kupandikiza manyoya. Nitaeleza, kwa maana mambo yote yaliyofuata yanaegemea hapo. Unyoya mrefu wa bawa humea mara moja kwa mwaka. Ukivunjika katikati, ndege atakaa na kipande hadi msimu wa kunyonyoka. Fundi hukikata kipande kile mshazari, huchukua unyoya mzima ulioangushwa na ndege mwingine, huukata mshazari vivyo hivyo, kisha huunganisha viwili hivyo kwa kitu chembamba kinachoingia ndani ya mrija wa huu na wa ule. Ndege hasikii maumivu, kama wewe usivyosikia maumivu unapokatwa nywele. Ila ukipinda kwa unene wa karatasi, ndege ataruka kama gari lenye gurudumu bovu.

Chacha alitumia sindano ya chuma yenye kingo tatu. Aliichovya katika siki kabla ya kuipachika, nayo ikashika kutu ndani ya mrija, na ile kutu ndiyo iliyouma na kukaza. Baada ya hapo ndege hakuruhusiwa kuruka mchana mmoja na usiku mmoja. Mimi, kijana mwenye cheti, niliona ni ushamba. Chacha alipostaafu akarudi kwao, nililitupa kopo lake la sindano nikaleta vijiti vya mwanzi na gundi ya kisasa inayokauka kwa dakika tano. Kwa miaka mingi haikuniangusha hata mara moja. Hapa Doha.

Sasa nimlete Bataa. Bataa alikuwa Mmongolia, mtunza ndege katika kliniki yetu, mfupi, mwenye kifua kipana na miguu iliyopinda kidogo kwa kuzaliwa juu ya farasi. Hilo la kuzaliwa juu ya farasi alisema yeye, na siliandiki kama ukweli. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu kibovu cha kazini, naye aliniita ustadh. Wakati wa kusafisha vizimba alikuwa akinisimulia habari za kwao: nchi isiyo na ua wala seng'enge, mlima uonekanao leo ukaufikia kesho, kondoo anayekubali mwana kwa kuimbiwa. Nami nilimhoji.

"Kwetu baridi hupasua chuma, ustadh."

"Chuma gani?"

"Shoka la baba."

"Ulikuwapo likipasuka?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa na miaka mitatu."

"Basi hukuona. Uliambiwa."

Alicheka, akaendelea kufagia. Hakuwahi kunikasirikia, na sasa naona kwamba mimi ndiye niliyestahili kukasirikiwa.

Mmoja wa wateja wetu wa zamani alikuwa mzee wa Kiqatari tuliyemwita Bu Nasir. Alikuwa na kozi jike aliyeitwa Dana, wa aina ambayo wenyeji huiita hurr, mkubwa, wa rangi ya mchanga, aliyeletwa kutoka Mongolia kwa vibali halali. Bu Nasir aliugua figo. Akaweka nadhiri kwamba Dana atarudishwa alikotoka na kuachiwa huru, na kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena kusafiri, aliniita nyumbani kwake. Bawa la kushoto la Dana lilikuwa na manyoya matatu yaliyovunjika. Nilikuwa nimeyapandikiza juma lile, kwa gundi yangu, manyoya ya ndege mwingine mweupe kidogo kuliko yeye, hata ukimtazama kwa chini uliona mistari mitatu iliyofifia.

"Mwakio," aliniambia, "nimezungukwa na watu wanaoniambia ninachotaka kusikia. Madaktari, wanangu, wote. Wewe nenda na Bataa. Ukirudi uniambie ulichokiona wewe. Cha kuambiwa usiniletee."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi inayonifaa kama ile.

Tulisafiri mwishoni mwa Machi. Dana alikaa mkononi mwangu ndani ya eropleni, na kuna kichekesho kimoja ninachoweza kukiapia: kozi wa huku wana pasipoti zao, na ya Dana iligongwa mhuri kabla ya yangu. Mimi niliulizwa maswali saba. Yeye hakuulizwa hata moja.

Kutoka mji mkuu tulikwenda kwa gari siku mbili kuelekea magharibi. Nimeishi mbele ya bahari na mbele ya jangwa, na nilidhani naujua upana. Sikuujua. Hapa Doha siku ya vumbi ukisimama Corniche, kando ya bahari, minara ya West Bay hupotea, na jicho huzoea kuamini kwamba kilicho mbali hufifia. Kule hewa haina kitu ndani yake. Nyika ya majani makavu ilianza kwenye gurudumu la gari ikaenda mpaka ilipokutana na anga, na kati ya hapo na hapo hapakuwa na nguzo, ukuta, shamba wala mti. Mito ilikuwa imesimama, myeupe tupu. Tulivuka mmoja kwa gari juu ya barafu, nami nilifunga macho, kwa hiyo sehemu ile siwezi kuithibitisha. Niliona ngamia wa nundu mbili wenye manyoya mazito kama blanketi. Niliona farasi mia kadhaa bila mtu. Niliuliza ni wa nani, Bataa akataja jina la mtu anayeishi nyuma ya milima mitatu.

Penye mlango wa bonde lao palikuwa na rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya buluu. Bataa alishuka, akalizunguka mara tatu, akaongeza jiwe. Mimi ni Mkristo, sikuzunguka. Lakini nilivua kofia, na masikio yangu yakajuta.

Mama yake Bataa aliishi katika ger, nyumba yao ya mviringo, fremu ya mbao iliyovikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa ikawa nzito kama zulia. Mlango hutazama kusini. Jiko lipo katikati na bomba lake hutokea paani. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukanyaga kizingiti. Mama, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mashavu mekundu na kilemba cha kitambaa cha maua, alisema neno moja.

"Anasema utoke uingie tena," Bataa alifasiri.

"Nimefanya nini?"

"Umekanyaga shingo ya nyumba. Toka tu, ustadh, baridi inaingia."

Nikatoka, nikaingia tena, nikiinua miguu kama jogoo. Mama alinipa bakuli la chai ya maziwa yenye chumvi. Alinipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Nami niliipokea kwa wa kulia, na kiwiko changu hakikushikwa, maana mkono wa kushoto ulikuwa na kozi. Alimtazama Dana muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo Bataa alilifasiri hivi: "Huyu amerudi mnene."

Tulimweka Dana katika hema dogo lisilo na moto, kwa sababu moshi humdhuru. Kibali cha kumwachia kilikuwa cha siku tatu, na cha njia moja: kumrudisha Doha kisheria haikuwezekana.

Alfajiri nilikwenda kumtazama. Kipimajoto changu kilisoma kumi na tisa chini ya sifuri. Dana alikuwa juu ya kiti chake, mzima, ametulia. Chini yake, juu ya ardhi iliyoganda, yalilala manyoya mawili. Wa tatu ulining'inia. Niliyaokota. Gundi yangu ilikuwa imepasuka vipande vipande kama kioo cha taa. Kwa nini hasa ilipasuka, sikupima, siwezi kusema. Nasema tu kwamba ilipasuka, na kwamba mtu mmoja alikuwa ameniambia kuhusu baridi ile nikamuuliza kama alikuwapo.

Bataa alisimama mlangoni. Alitazama manyoya mkononi mwangu.

"Ataruka bila hayo," nilisema.

"Ataruka. Atakamata?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimepasua ndege wengi waliookotwa jangwani na mabawa yenye pengo. Waliruka vizuri hadi siku ya mwisho. Ndani ya matumbo yao hamkuwa na kitu. Kumwachia Dana hivyo kungekuwa kumwachia afe pole pole mahali ambapo hakuna wa kuona, na mimi ningerudi kwa mzee mgonjwa niseme nilimwona akiruka. Lingekuwa neno la kweli, na lingekuwa udanganyifu.

Gundi nilikuwa nayo bado. Ningeweza kuitumia ndani, penye joto, ikashika. Usiku uliofuata ungeivunja tena. Nilikaa karibu na jiko nikiwa na manyoya matatu mapajani, na nikamwona Chacha Rahim mbele yangu kama alivyokuwa, miwani puani, akiichovya sindano yake.

"Muulize mama kama ana sindano za chuma," nilimwambia Bataa. "Si za nguo. Nene."

Mama alifungua sanduku la mbao lililopakwa rangi ya chungwa, akatoa kipande cha ngozi kilichochomekwa sindano. Zilikuwa sindano za kushonea ngozi, na kila moja ilikuwa na kingo tatu. Nilizipitisha kidoleni mara mbili kuhakikisha. Alikuwa nazo nne tu.

"Nahitaji tatu. Na siki."

Bataa akauliza. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

"Anasema siki ipo," Bataa alieleza. "Siku mbili kwa gari, kule tulikotoka."

"Basi kitu chochote kikali. Kilichochacha."

Walizungumza. Uso wa mama ukabadilika, ukawa wa mtu anayepiga hesabu. Akatoka. Aliporudi alikuwa na mfuko wa ngozi uliokauka kama ubao, na ndani yake barafu ya rangi ya kijivu. Bataa alifasiri. Yalikuwa maziwa ya farasi yaliyochacha, mabaki ya kiangazi kilichopita. Huyahifadhi majira yote ya baridi kama mbegu: farasi wakianza kukamuliwa tena, maziwa mapya huchachuliwa kwa hayo. Aliniambia mbegu ile ilikuwa ya mama yake mama yake. Hilo ni la kuambiwa. Niliyemwona mimi ni mwanamke aliyeshika mfuko kwa mikono miwili, akaupiga kwa mpini wa kisu mara moja, akanipa kipande cha ukubwa wa yai. Kilichobaki kilikuwa kama ngumi.

Kiliyeyuka katika bakuli. Nilionja. Ni kikali kuliko siki yoyote ya Doha.

Nilikata sindano kwa koleo, nikazisugua kwa jiwe, nikazichovya. Bataa alimshika Dana ndani ya joho la mama, kofia machoni. Nilifanya kazi kwa saa moja na dakika kumi, karibu na mlango ili nipate mwanga. Unyoya wa kwanza ulikwenda upande. Niliuchomoa nikaanza upya. Mama alisimama nyuma yangu na kila nilipoupindisha unyoya alinong'ona neno, nikajua amekuwa akiona upesi kuliko mimi. Tangu hapo nilikuwa nasubiri anyamaze ndipo nisukume.

Kisha mchana mmoja na usiku mmoja, kama Chacha alivyoagiza.

Mchana huo ndipo nilipoona habari ya kondoo. Ulikuwa msimu wa kuzaa, na kondoo jike mmoja alimpiga mwanawe teke kila alipokaribia kiwele. Kwetu Taita tungemfunga mama mguu kwenye nguzo. Mama yake Bataa alichuchumaa pembeni yao, akamsogeza mwana chini ya kiwele, akaanza kuimba, sauti ndogo, silabi mbili zikirudiwa na kurudiwa, zikipanda mwishoni kama swali. Nilitazama saa. Dakika ya nne kondoo aliacha kupiga teke. Ya tisa aligeuza shingo akamnusa mwana. Ya kumi na nne mwana alinyonya, na mkia wake ukatikisika. Nimesoma vitabu vya mifugo katika lugha mbili. Sina maelezo. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye saa mkononi, na upepo ukapita juu ya nyika yote ile bila kukutana na kitu cha kuuzuia isipokuwa sisi watatu na kondoo.

"Uliambiwa?" Bataa aliniuliza nyuma yangu, "au uliona?"

Nikamwambia nimeona. Nikamwomba radhi kuhusu shoka.

Asubuhi ya kuondoka kipimajoto kilisoma ishirini na moja chini ya sifuri. Nilivuta kila unyoya, taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Yote matatu yalikaa. Tulimpeleka Dana kwenye kilima nyuma ya ger. Bataa alikata kamba za miguuni. Nilimvua kofia.

Hakuruka mara moja. Alikaa kwenye glavu yangu akitazama, upande huu, upande ule, mbali kuliko ninakoweza kuona, na nilihisi kucha zake zikikaza kupitia ngozi. Sikuvuta. Kisha zikaachia. Mama alichovya kijiko cha mbao katika maziwa akayarusha hewani nyuma yake, kama wanavyomfanyia msafiri. Niliinua darubini. Bawa la kushoto lilipanda na kushuka, na mistari mitatu ilikuwapo. Nilihesabu kila alipogeuka: moja, mbili, tatu. Alivuka ukingo wa mlima ulio mbele yetu, na mlima ukamficha.

"Nakwenda pale," nilisema. Ulionekana mwendo wa nusu saa.

"Chukua farasi, ustadh."

"Ni hapo tu."

Bataa hakubishana. Alinifuata juu ya farasi, akivuta wa pili bila mpandaji, na nilipokubali kumpanda ilikuwa imepita saa mbili na mlima haujasogea.

Niliporudi Doha nilimweleza Bu Nasir yote, pamoja na gundi yangu. Alisikiliza akiwa amelala. "Kisha?" aliuliza. Ningeweza kumwambia neno ambalo Bataa aliniletea baadaye, kwamba mchungaji mmoja alimwona kozi mwenye mistari mitatu bawani akilisha makinda wakati wa kiangazi. Sikumwambia. Kufikia kiangazi manyoya yale yangekuwa yameanza kunyonyoka yenyewe, na mchungaji huyo simjui. Nilimwambia kile ninachowaambia na ninyi.

Tulifika juu ya ukingo adhuhuri. Upande wa pili palikuwa na theluji safi, isiyokanyagwa, ikishuka hadi bondeni. Kama sindano zingeachia, zingeachia hapo, alipokuwa akipiga bawa kwa nguvu dhidi ya upepo. Nilishuka kwenye farasi. Nilitafuta kwa miguu, kisha kwa magoti, kisha kwa darubini, mpaka Bataa akaniambia farasi wamechoka. Juu ya theluji yote ile hapakuwa na unyoya hata mmoja.